Sarafu Mama ya Jina Lililofutwa

Kijijini, mwaka wa kumi na moja wa enzi ya Xianfeng, mwezi wa nane, siku ya tatu

Kaka yangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye harufu ya siki. Sisi wazima kwa kiasi chetu. Mume wangu hajambo, mtama wa mwaka huu umejaza vizuri, na mitungi mipya imepangwa uani tangu juzi ikisubiri kuchachusha siki. Mama mkwe naye hajambo kabisa, maana jana amenigombeza mara nne kabla ya uji wa asubuhi. Siku akininyamazia ndiyo siku nitakayoogopa. Wifi yangu anaendeleaje? Na binti yenu ameshaota meno ya kukung'ata?

Nimekusalimu vya kutosha, sasa nisikilize. Suozhu wangu ana kifaduro. Leo ni siku ya kumi na tisa. Akianza kukohoa hakomi mpaka midomo inageuka rangi ya zambarau, kisha anavuta pumzi kwa ule mlio, na mimi nimesimama pale na mikono yangu mitupu. Unajua wawili wa kwanza hawakufika hata miaka miwili. Huyu kafika minne. Tulimpa jina lenye maana ya kufunga mlango ili asitoke, na sasa namwona anautafuta mlango.

Mama mkwe alifanya desturi. Alizunguka nyumba mia moja akiomba sarafu moja moja za kumfunga mtoto shingoni. Alirudi na kapu la takataka. Nyingi za chuma, zimeshika kutu, nyingine zile kubwa zinazojiita kumi ambazo hata muuza vitunguu anazirudisha. Moja imetoka kwa mcheza kamari. Moja, nasikia, ilikuwa mkononi mwa maiti. Mkunga wetu alizitazama akasema, "Hizi zimeshapita kwa kila mtu, mama. Hazijui kukaa na mtu." Hata mama mkwe hakumbishia.

Ndipo nikakumbuka tulivyougua ndui. Baba alileta nyumbani sarafu mama, ile inayokandamizwa mchangani ili nyingine zizaliwe kwa umbo lake, ile ambayo haijawahi kununua kitu. Aliifunga kwa uzi mwekundu, siku tatu shingoni mwako, siku tatu shingoni mwangu, na ya saba akairudisha karakana ya sarafu, kazini kwake, kabla ya ukaguzi. Tulipona sote wawili. Mtoto wa jirani hakupona. Baba hakuwa mtu wa kuamini mambo, lakini hilo alilifanya.

Wewe ndiye unayechonga sasa. Kaka, niazime moja.

Mdogo wako

*

Mji Mkuu, mwezi wa nane, siku ya ishirini na nne

Mdogo wangu mwenye ulimi wa siki,

Barua yako imefika ikanikuta na nywele za utosini kama brashi. Tangu Mfalme afariki mwezi uliopita hatunyoi, siku mia moja, na sote hapa karakana tunafanana na wafungwa. Wifi yako anasema nimekuwa mzuri kuliko siku ya harusi, sijui ni sifa au ni tusi. Binti ana meno mawili, na kidole changu cha kushikia patasi kinalijua hilo.

Umeomba kitu kigumu, na umekiomba wakati mwepesi. Sikiliza. Enzi mpya imepewa jina, Qixiang, yaani heri na neema. Mfalme ni mtoto wa miaka sita. Nimekesha juma zima nikichonga hilo jina kwenye shaba safi: maandishi manne kuzunguka tundu la mraba, juu, chini, kulia, kushoto, sawasawa na mkono wa baba. Kwenye moja patasi iliteleza ikakwaruza ukingo wa ndani. Msimamizi akaamuru iyeyushwe. Bian wa tanuri ndiye anayetia muhuri wake kwenye daftari kwamba amekiona kitu kikiyeyuka. Ndiyo, Bian huyo huyo, Mjomba Saumu wako, aliyekuwa akikupa karanga za moto na kukutisha kwa harufu ya mdomo wake. Nilimwambia ni ya mwanao. Akasema, "Ya mtoto wa Zhen? Sasa unanisimulia nini, nipe daftari." Akatia muhuri, akarudi kutafuna kitunguu saumu chake.

Sarafu iko ndani ya soli ya kiatu kidogo ulichokipokea na barua hii. Mbebaji ni Sun mwenye punda, mtu wetu. Haijaguswa ila na mimi na Bian. Mtoto akipata nafuu, irudishe kwa Sun huyo huyo, niifikishe tanurini inakotakiwa kuwa. Usiandike majina. Barua hii ichome.

Mjomba wake anamwambia Suozhu: anayekwenda bila kuaga hapewi zawadi ya pili.

Kaka yako

*

Kijijini, mwezi wa tisa, siku ya ishirini

Kaka, Kaka, Kaka,

Leo sisalimii watu wazima. Suozhu kala bakuli mbili za tambi akaomba ya tatu. Kikohozi kilianza kulegea siku ya nne tangu nimvalishe, na siku ya kumi nikamkuta juu ya mtungi wa siki akimpigia kelele kuku. Mama mkwe alimchapa, kisha akajificha nyuma ya ghala akalia. Alidhani sikumwona.

Nimekaa naitazama hii sarafu yako mpaka mume wangu anauliza kama nina kazi. Ukingo wake ni mkali kwenye dole gumba, maandishi yamesimama wima, na rangi yake ni ya shaba mpya ambayo huku tumeisahau. Ule mkwaruzo nimeuona. Nimeupenda kuliko sarafu yenyewe, maana bila mkwaruzo huo isingekuwa ya mtoto. Suozhu anaita lile tundu dirisha. Jana kamwangalia bibi yake kupitia humo akasema, "Bibi umefungwa, huwezi kutoka!" Mama mkwe akajibu, "Niko na wewe humu humu, mjinga wewe, na chakula sipiki." Wamefanya mchezo huo mpaka mchana.

Najua nimetakiwa kuirudisha. Nipe majira ya baridi tu, Kaka. Mapafu yake bado mepesi na upepo wa huku haumhurumii mtu. Ikipasuka barafu nitamkabidhi Sun. Mwambie Mjomba Saumu nimemshonea soksi.

Mdogo wako mwenye furaha

*

Mji Mkuu, mwezi wa kumi, siku ya nane

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Naandika haraka, Sun anaondoka na huyu punda wake sasa hivi.

Irudishe sarafu. Si majira ya baridi, ni leo. Siku ya tano ya mwezi huu jina lile limefutwa. Wakubwa waliolichagua wameangushwa, na huko walikopelekwa hawarudi. Mfalme ni yule yule mtoto, lakini enzi yake sasa ina jina jingine, na kila kitu kilichochongwa kwa jina la zamani kinakusanywa kiyeyushwe, sarafu bibi zinazozaa sarafu mama, sarafu mama zenyewe, na zile chache zilizokwisha kumiminwa. Ukikutwa nayo shingoni mwa mtoto hutaulizwa habari za kifaduro.

Mvue, uishone kwenye kiatu, umpe Sun. Atakungoja siku mbili. Usiniulize maswali, nifanyie hivi tu.

Kaka yako

*

Mji Mkuu, mwezi wa kumi na moja, siku ya pili

Mdogo wangu,

Natumai wote wazima huko. Wifi yako kapata mafua, binti anatembea kwa kushika ukuta. Baridi imewahi.

Sun amerudi mikono mitupu. Anasema alikaa kijijini kwako siku mbili na jirani akamwambia umesafiri. Umesafiri uende wapi, Zhen? Katika maisha yako umesafiri mara moja, siku ya kuolewa, na ulilia njia nzima.

Nitakuambia nilichokuficha. Walipokusanya vitu vya jina lile walifungua daftari wakalinganisha na mizani. Siku ile ambayo muhuri wa Bian unasema moja imeyeyushwa, shaba iliyotoka tanurini imepungua kwa uzito wa sarafu moja. Karani mmoja mwenye macho makali kaliona hilo. Wamemchukua Bian. Wanasema ameiuza nje kwa watu wa wale walioanguka, iwe alama yao. Bian! Mtu asiyejua hata mkubwa gani anamchukia mkubwa gani, yeye anachojua ni moto na saumu.

Hajalitaja jina langu. Siku ya nane leo. Mke wake anampelekea uji getini na wanamrudishia bakuli bila kumwambia kama ameunywa yeye.

Sikiliza mpango wangu. Sarafu ikifika, nitaiingiza kwenye mchanga unaofagiwa sakafuni mwa karakana. Mchanga huo huchekechwa kila mwisho wa mwezi kutafuta shaba iliyodondoka. Wataikuta ndani. Basi itakuwa uzembe, si kuuza. Uzembe ni fimbo, na fimbo zinapona. Zhen, kwa ajili ya mzee aliyekupa karanga.

Kaka yako

*

Kijijini, mwezi wa kumi na moja, siku ya ishirini

Kaka,

Salamu zako nimepata. Mume wangu yupo. Siki ya mwaka huu imekuwa kali mno, hakuna anayejua kwa nini. Mama mkwe yupo.

Sitairudisha.

Uzi nimeufunga mafundo saba na mkunga kayasomea kila moja. Haufunguliwi. Unaniambia nimvue mtoto kitu kinachomshika duniani, tena majira haya, kwa karatasi moja kutoka kwako. Ungekuwa ni binti yako na meno yake mawili, ungemvua? Usinijibu.

Suozhu ametulia siku hizi. Hasumbui mtu. Hapandi tena mitungi. Hilo ndilo ninaloweza kukuandikia.

Habari ya Mjomba Saumu imenichoma, usidhani mimi ni jiwe. Lakini nimesoma barua yako mara sita nikitafuta mahali unaposema, "Nitakwenda niseme ni mimi." Sikupaona. Aliyeitoa karakana ni nani, Kaka? Bian aliifanya kwa upendo, akatia muhuri bila kuuliza. Wewe una mdomo na njia ya kutoka nyumbani mpaka kwenye hiyo ofisi unaijua. Nenda ukaseme, kisha uje uniombe nifungue uzi.

Sun asinisubiri tena.

Mdogo wako

*

Mji Mkuu, mwezi wa kumi na mbili, siku ya kumi na nne

Zhen,

Nimekubali kila ulichosema. Mimi ni mwoga. Nina mke na mtoto anayeshika ukuta, na nikitaja jina langu leo, kesho watauliza sarafu iko wapi, na kesho kutwa watakuwa mlangoni kwako. Hilo umelifikiria? Ukimya wangu unamfunika mtoto wako pia. Lakini sitaki kujitetea, nataka kumtetea Bian.

Wamemfunga ubao mzito wa wafungwa shingoni. Miguu imevimba. Mke wake ameniambia alimwona mara moja tu kupitia kwenye nafasi ya mlango, akamuuliza, "Unataka nini?" akasema, "Saumu." Kila siku inayopita ni siku ya uhai wa Bian unayoishika wewe. Ukaguzi wa mwisho wa mwaka umeahirishwa mpaka baada ya sikukuu, kwa hiyo mchanga bado haujachekechwa. Bado kuna nafasi. Sarafu ikinifikia kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza, anatoka.

Mtoto amepona, wewe mwenyewe umeandika. Anakula, anacheza na bibi yake. Aliyepona haumwi kwa kuvuliwa uzi. Baba alituvua siku ya saba na tuko hai mpaka leo tunagombana.

Nakupigia magoti. Mzee anakufa, Zhen. Mwache aishi.

Kaka yako

*

Kijijini, mwaka wa kwanza wa enzi ya Tongzhi, mwezi wa kwanza, siku ya kumi na sita

Kaka,

Sarafu iko ndani ya kiatu. Ni kile kile kiatu. Hakimtoshi tena mtu yeyote.

Suozhu alifariki mwezi wa kumi, siku ya ishirini na mbili. Nilipokuandikia ametulia, alikuwa ametulia karibu mwezi mzima. Sun, aliyecheleweshwa njiani, alifika na barua yako siku mbili baada ya kumpeleka. Nilikuwa ndani ya ghala la siki, nikamsikia anamuuliza jirani, na jirani akanionea huruma akasema nimesafiri, akaipokea barua.

Kwa nini sikukwambia? Nilifikiri maadamu wewe unaniandikia kunigombeza nimvue, basi kuna mahali ambapo bado kaivaa. Kuna mtu mmoja duniani ambaye kwake Suozhu yu hai na ana baridi na mama yake anakataa kumvua. Nilitaka ugombe zaidi. Wakati nakuandikia ile barua ya kukataa, Kaka, kwa muda ule wa kuandika alikuwepo. Namwaibisha Bian kwa kusema hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hakuvuliwa hata mara moja. Uliandika jina lilifutwa siku ya tano. Homa ilimwanza siku ya sita. Sisemi ndiyo sababu. Huku hakuna aliyejua habari za jina wakati huo, na kifua chake kilikuwa dhaifu, na upepo ulikuwa mkali. Nimehesabu tu. Nahesabu kila siku, na kila siku inatoka ile ile, ya tano na ya sita.

Unajua watoto wa umri ule hawaingii makaburi ya ukoo. Mume wangu alimfunga kwenye mkeka akamchukua mpaka kwenye mteremko wa udongo nyuma ya mashamba ya mtama. Wanawake haturuhusiwi kufuata. Kabla mkeka haujafungwa nilimtoa uzi shingoni, nikaukata, sikuweza kufungua hata fundo moja, nikaiweka sarafu chini ya ulimi wake. Watu wazima wakifa hupewa sarafu mdomoni. Nikasema na yeye apewe, hata kama hana kaburi. Mama mkwe aliniona. Ndipo aliponyamaza. Hajanigombeza tangu siku hiyo.

Barua yako ya mwezi wa kumi na mbili ilifika kabla ya mwaka mpya. Niliisoma, nikaiweka, nikapika, nikala sambusa za sikukuu za kuchemsha, nikaisoma tena. "Mzee anakufa, mwache aishi." Wangu alikuwa amekwisha kufa na wa mke wa Bian alikuwa bado. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza.

Jana mchana nilichukua koleo la kugeuzia mtama wa siki nikaenda. Ardhi imeganda, koleo linaruka. Nilikuwa nimechimba kiasi cha bakuli mbili za udongo niliposikia mtu nyuma yangu. Ni mama mkwe, na miguu yake ile midogo iliyofungwa tangu utotoni, kapanda mteremko mzima peke yake. Nilidhani amekuja kunipiga. Akanitazama, akauliza, "Kuna mtu atakufa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Kaa pale. Geuka, angalia mashamba. Wewe ni mama yake, usione." Akalichukua koleo. Nilikaa nikaangalia mashamba. Nilimsikia anaongea naye, "Fungua kidogo, bibi anaazima dirisha, bibi hakai nalo." Alipomaliza akanipa sarafu imefungwa kwenye leso yake, akanishika mkono tukashuka. Nyumbani akasema, "Uji uko wapi, mvivu wewe?" na hapo ndipo nilipolia.

Baridi ilikuwa imemhifadhi, nimeambiwa. Sikuuliza zaidi.

Mtoe Bian. Hilo tu nataka kulisoma kwenye barua yako.

Zhen

*

Mji Mkuu, mwaka wa kwanza wa Tongzhi, mwezi wa pili, siku ya tisa

Mdogo wangu,

Sijui salamu ya kuanzia barua hii.

Bian alifariki mwezi wa kumi na mbili, siku ya tatu.

Soma tena tarehe ya barua niliyokutumia. Ni ya kumi na nne. Nilipoandika kwamba mzee anakufa, alikuwa na siku kumi na moja ardhini. Ile ya saumu, ile ya miguu kuvimba, ilikuwa kweli, lakini ilikuwa ya mwezi wa nyuma. Ukaguzi ulifanyika. Mchanga ulichekechwa. Hakikupatikana kitu, na yeye alikufa hajalitaja jina langu.

Nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Bian alikuwa amenyamaza milele, lakini sarafu ilikuwa bado inatembea duniani na mkono wangu umeandikwa juu yake. Kila mchongaji ana mkono wake, kila mtu wa karakana angeutambua. Nikajua hutaitoa kwa ajili yangu. Nikajua kwa ajili yake utaitoa. Sikujua habari za Suozhu. Naapa kwa baba yetu, sikujua. Lakini hilo halinisaidii, maana hata kama ningejua kwamba anaivaa na anaihitaji, ningeandika vile vile.

Mke wa Bian alikuja getini baada ya mazishi kuchukua viatu vyake vya kazini. Mimi ndiye niliyempa. Alinishukuru. Akasema mumewe alikuwa akinisifu nyumbani, akisema mtoto wa Xing ana mkono wa baba yake. Nikamwambia nenda salama, mama.

Wameniletea jina jipya nilichonge. Msimamizi ameisifu kazi. Nachonga mchana kutwa, na mkono hautetemeki, na ndilo linalonitisha.

Kiatu kilifika jana. Nilikwenda na sarafu tanurini kuiyeyusha. Pale kuna mtu mpya, kijana mpole, hali saumu. Sikuweza. Nimekurudishia kwa Sun. Mrudishie mtoto, Zhen, irudi ilikokuwa. Sina kingine cha kukupa. Ukiweza kunisamehe siku moja, niandikie hata neno moja. Usipoweza, nitaelewa.

Kaka yako

*

Kijijini, mwaka wa kwanza wa Tongzhi, mwezi wa tatu, siku ya nane

Kaka,

Wote wazima hapa. Jana ilikuwa sikukuu ya kufagia makaburi. Kijiji kizima kilipanda na mifagio na vyakula. Mimi nilikwenda kwenye mteremko. Mvua ya kwanza imeuporomosha, udongo umeshuka wote bondeni, na bwana mmoja ameshaanza kuulima. Unasema nimrudishie mtoto. Hakuna mahali pa kurudishia. Kabla hujaiomba palikuwepo.

Mama mkwe nimemsomea barua yako yote. Hajui kusoma, na alikuwa na haki, kwani mikono ilikuwa yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kufa?" Nikamwambia hakukuwa. Akaenda kunawa mikono, akanawa, akanawa. Mpaka leo asubuhi alikuwa ananawa.

Mimi pia nilikuficha. Nilikutunzia maiti nikikuambia ni mzima, na wewe ukanitunzia maiti ukiniambia ni mgonjwa. Kwa hilo siwezi kukunyooshea kidole. Lakini uongo wangu haukumchimbua mtu.

Sarafu haiko kwangu. Mume wangu ameondoka leo na mikokoteni ya siki kuja huko, na ameibeba pamoja na barua ya kumpa mke wa Bian. Nimemweleza mwenyewe yote, kutoka kifaduro mpaka koleo. Nimemwambia mumewe hakuuza kitu, alitia muhuri kwa ajili ya mtoto aliyemjua mama yake tangu akiwa na meno ya maziwa. Nimemwambia aliyeiomba ni mimi. Akitaka kuitupa, aitupe. Akitaka kuipeleka kwa wakubwa ili jina la mumewe lisafishwe, aipeleke, na mimi niko hapa.

Aliyeitoa karakana sikumtaja. Pale panapotakiwa jina lake nimeacha nafasi nyeupe, upana wa vidole viwili. Mikokoteni ni mizito na njia ina matope, punda wa Sun atamtangulia mume wangu kwa siku sita au saba. Una muda wa kwenda kwake mwenyewe na kuijaza ile nafasi kwa mdomo wako. Maisha yako yote umechonga majina ya watu wengine.

Uliniambia nisiandike majina, na jina langu kamili sikuliandika barua zote hizi. Hapa naandika langu, kama nilivyoliandika kwenye barua ya mke wa Bian, lote, asipate shida ya kunitafuta.

Xing Yuezhen, binti wa Xing mchonga sarafu, mama wa Hou Suozhu, nyumba ya siki ya kina Hou, wilaya ya Qingyuan, mkoa wa Shanxi